Miezi Kumi na Mwalimu wa Bat Mitzvah: Tathmini ya Mama Kutoka Mombasa

Nilizaliwa Mombasa, nikalelewa katika Ukristo, na mume wangu ni Myahudi wa Marekani. Tunaishi nje kidogo ya Philadelphia, na mwezi wa Juni binti yetu wa kwanza alisimama katika sinagogi letu akasoma Torati mbele ya watu, kama ilivyo desturi mtoto wa Kiyahudi anapofikia umri wa kuwajibika kwa amri za dini. Naandika tathmini hii kwa ajili ya familia zinazozungumza Kiswahili ambazo ziko katika hali kama yetu, kwa sababu nilipotafuta ushauri kwa lugha yangu kuhusu namna ya kumchagua mwalimu wa kumwandaa mtoto, sikuona hata ukurasa mmoja.

Bar mitzvah maana yake ni mwana wa amri, na bat mitzvah ni binti wa amri. Hilo neno bat ni ndugu wa damu wa neno letu binti, lililotufikia kwa njia ya Kiarabu. Mvulana hufikia daraja hilo akiwa na miaka 13. Msichana wa Wayahudi wa Kiorthodoksi, wanaoshika desturi za kale, hulifikia akiwa na miaka 12, na katika jumuiya nyingi za Reform, tawi la kisasa la Uyahudi, kama yetu, husubiri naye hadi 13. Kwa wasichana kusimama hadharani si jambo la kale: Judith Kaplan, binti wa Rabi Mordecai Kaplan, alifanyiwa sherehe yake New York tarehe 18 Machi 1922, nayo ndiyo huhesabiwa kuwa ya kwanza ya aina hiyo Marekani. Nitangulize pia jambo linalozigusa familia zilizochanganyika. Reform waliamua mwaka 1983 kwamba mtoto wa baba Myahudi na mama asiye Myahudi ni Myahudi iwapo analelewa hivyo, ilhali Conservative, tawi lililo kati ya hayo mawili, na Waorthodoksi hufuata upande wa mama, au humtaka mtoto aingizwe rasmi katika dini. Ulizeni hilo kabla ya kumlipa mwalimu yeyote.

Sisi tulianza vibaya. Tulijiandikisha kwa kampuni moja inayouza masomo mtandaoni, ambayo kazi yake kubwa ilikuwa kutuma rekodi za sauti. Binti yetu alipokea rekodi ya aya atakazosoma, ambazo huimbwa kwa mahadhi maalumu, akaisikiliza garini, jikoni na kitandani, na baada ya wiki sita alikuwa anaiimba yote bila kukosea. Nilifurahi sana, hadi jioni moja baba yake alipomfungulia ukurasa wa Kiebrania na kumwomba aanzie aya ya tano. Hakuweza. Ilimbidi arudi mwanzo na kuimba mpaka aifikie, na hata alipoifikia, kidole chake kilikuwa kwenye mstari mwingine kabisa. Tuliandika barua pepe tatu kuomba mwalimu wa kuzungumza naye, tukatumiwa rekodi nyingine. Tulipoomba kurudishiwa fedha za miezi iliyobaki, tukaambiwa masharti hayaruhusu.

Kwa nini kasoro hiyo ni kubwa? Kwa sababu gombo la Torati, lililoandikwa kwa mkono juu ya ngozi, halina irabu, halina alama za vituo, wala halina alama za mahadhi. Msomaji hujifunza hayo yote nyumbani kwa kutumia kitabu kiitwacho tikun, ambacho kila ukurasa wake una safu mbili za maneno yale yale: safu moja ina irabu na alama, na ya pili imeachwa tupu kama gombo lilivyo. Siku ya kusoma, pembeni yake husimama watu wanaofuatilia, na akilitamka neno kwa namna inayobadilisha maana humsahihisha papo hapo, naye hulirudia. Mtoto aliyekariri sauti tu akikatizwa hivyo hupotea njia. Waliokulia Pwani wananielewa: kuna mtoto aliyeishika sura kwa kuisikia, na kuna mtoto aliyepita chuoni akafunzwa herufi na tajwidi.

Mwalimu tuliyempata baadaye ni mama mstaafu aliyefundisha shule kwa miaka mingi, na sasa huenda nyumba kwa nyumba. Ameniomba nisimtaje jina, kwa kuwa ana wanafunzi wa kumtosha. Alitutoza dola 75 kwa saa, somo moja kila wiki, na kwa muda wa miezi kumi tulifanya masomo 38, yaani dola 2,850, mbali na ada za sinagogi lenyewe. Ni fedha nyingi, na tulijinyima mengine ili kuzipata.

Siku ya kwanza hakufungua kitabu. Alituketisha sote wanne, pamoja na mdogo wake binti yetu, akamwuliza kila mmoja anaogopa nini. Binti yetu alisema anaogopa kusahau. Mume wangu alisema Kiebrania chake kimeota kutu tangu bar mitzvah yake mwenyewe. Mimi nilisema naogopa kukaa pale mbele ya ukoo wa mume wangu nikiwa mama asiyejua kitu katika siku kubwa ya mtoto wake. Mwalimu aliandika majibu yetu, kisha akaweka sharti: robo saa ya mwisho ya kila somo, wazazi wote wawili tukae mezani na mtoto ndiye atufundishe alichojifunza siku hiyo. Hapo ndipo thamani ya huduma yake ilipo, na kama ningeulizwa kigezo kimoja cha kumpima mwalimu wa kazi hii, ningesema hicho: mzazi atazame kama mwalimu anamfundisha mtoto peke yake au anaifundisha nyumba.

Ufundi wake ulikuwa wa subira. Alimpa binti yetu penseli za rangi tatu apake alama za mahadhi katika nakala ya aya zake: nyekundu kwa alama zinazotenganisha maneno, samawati kwa zile zinazoyaunganisha, na kijani kwa etnahta, alama inayoigawa aya mara mbili na ambayo msomaji hupumua anapoifikia. Mtoto akaanza kuona kwamba alama hizo humwonyesha mahali wazo linapokatika, kwa hiyo mahadhi na maana vikamwingia kwa pamoja. Baadaye Mwalimu alianza kuifunika safu yenye irabu kwa kadi, kwanza nusu ya mstari, kisha mstari mzima, kisha aya. Kila mtoto alipokwama, kadi ilisogezwa kwa upana wa neno moja tu na kurudishwa. Pale mezani, mwezi wa nne, nilimwona mwanangu akisoma maneno ambayo hakuwahi kuyasikia katika rekodi yoyote.

Sehemu ya Torati iliyoangukia Sabato yetu inaitwa Behaalotkha, kuanzia sura ya 8 hadi ya 12 ya kitabu cha Hesabu, na binti yetu alipewa sura ya 12 yote, aya 16. Sura hiyo inaanza kwa Miriamu na Haruni kumsema Musa kwa sababu ya mwanamke Mkushi aliyemwoa. Wasomaji wangu wataelewa moyo ulivyonidunda. Mtoto mwenye baba Myahudi na mama Mwafrika apangiwe na kalenda asome, mbele ya ukoo mzima, habari za watu kumteta mke Mwafrika wa Musa! Nilidhani Mwalimu angelipita jambo hilo haraka, kwa adabu. Hakulipita. Alitumia masomo matatu mazima juu ya aya ya kwanza. Alimwonyesha binti yetu kwamba Rashi, mfafanuzi wa Ufaransa wa karne ya 11, alilichukulia neno Mkushi kuwa sifa ya uzuri, akahesabu thamani ya herufi zake likiandikwa kwa ukamilifu (kila herufi ya Kiebrania ina namba yake), akapata 736, sawasawa na thamani ya maneno yenye maana ya mzuri wa sura. Binti yetu alichukua karatasi akajumlisha mwenyewe, herufi moja moja, na ilipotoka 736 alinitazama. Kisha akauliza swali ambalo Mwalimu hakumjibu bali alimwambia alifanyie kazi: kwa nini ilibidi mtu aeleze kwamba alikuwa mzuri, wakati Mungu katika sura hiyo hazungumzii sura ya mtu yeyote?

Swali hilo ndilo lililokuwa mbegu ya hotuba yake, ile fafanuzi fupi ambayo mtoto hutoa kuhusu aya zake. Alizungumza juu ya Miriamu kupigwa ukoma akawa mweupe kama theluji, juu ya ombi la Musa kwa ajili ya dada yake, ambalo kwa Kiebrania lina maneno matano tu, na juu ya kambi nzima kukaa siku saba bila kusafiri hadi Miriamu aliporudishwa. Alisema aliyekosa alisubiriwa, na kwamba mke wa Musa naye alikuwa miongoni mwa waliomsubiri. Wazo hilo la mwisho hakulitoa kwa Mwalimu wala kwetu.

Kwa upande wangu, manufaa yalitoka mahali nisipopatazamia. Kiebrania kinachofundishwa leo kina irabu tano, a, e, i, o, u, kama zetu, kwa hiyo baraka zikiandikwa kwa tahajia ya Kiswahili husomeka karibu sawa na zinavyotamkwa, na ile kh inayowasumbua wageni wengi wa Kimarekani ni ile ile ya Khamisi na kheri. Mwalimu alipogundua hilo alinihimiza niandae kijitabu cha ibada kwa Kiswahili kwa ajili ya mama yangu na shangazi zangu, akanisahihisha kurasa zote 11 bila kunitoza hata senti. Mama alipopata nakala yake Mombasa, alifungua Biblia yake kutafuta somo la manabii linaloambatana na sehemu hiyo, Zekaria kuanzia 2:14, akanipigia simu kusema aya hiyo haipo. Mwalimu alitueleza kwamba hesabu ya aya za Kiebrania inatofautiana, na kwamba katika Biblia ya Kiswahili aanzie 2:10, pale binti Sayuni anapoambiwa aimbe na kufurahi. Ndani ya somo hilo hilo Mama alikutana na maneno aliyoyajua tangu usichana wake, yaliyomo hata kwenye kitambaa alichokifuma kwa mkono wake na kukitundika sebuleni: si kwa uwezo, wala si kwa nguvu, bali ni kwa roho yangu. Tangu hapo akawa anaiita sherehe hiyo yetu.

Mwalimu pia alitusukuma tangu mwezi wa kwanza tumwombe rabi maelezo ya maandishi kuhusu ushiriki wa mzazi asiye Myahudi, kwa kuwa kila sinagogi lina utaratibu wake. Kwetu niliruhusiwa kusimama kando ya mume wangu alipokuwa akitamka baraka za Torati, na kuwamo katika safu ya kupokezana gombo kutoka kwa babu na bibi, kupitia kwetu, hadi mikononi mwa mtoto. Kulijua hilo mapema kuliniepusha na aibu ya kurudishwa nyuma siku yenyewe.

Hata hivyo, zipo kasoro, na nimemwambia mwenyewe. Somo likiahirishwa chini ya saa 24 kabla, hutoza nusu ya bei, na hakutuambia hadi tulipoona imo kwenye hesabu ya mwezi. Ni haki yake, ila sharti kama hilo huandikwa na kupewa mzazi mapema. Aliichelewesha hotuba mno: iliandikwa ndani ya wiki tano za mwisho, na binti yetu alilia usiku mara mbili. Jambo la tatu ni kwamba alipanga kwenda sinagogini kufanya mazoezi mbele ya gombo lenyewe mara moja tu. Mara moja haitoshi. Siku hiyo binti yetu alitumia nusu saa akistaajabia herufi mbili za nun zilizopinduliwa, zinazozizunguka aya mbili za mwisho za sura ya 10, safu chache tu kabla ya zake, na muda wa kusoma ukawa mfupi. Sikumlaumu, kwa maana hata mimi nilikuwa nimeinama juu ya ngozi ile nikizitazama.

Sabato yenyewe ilipofika, ibada ilianza saa nne asubuhi kwetu, saa kumi na moja jioni Mombasa, na sinagogi lilirusha matangazo ya moja kwa moja yaliyomkuta Mama na majirani wameketi mbele ya televisheni na vijitabu mkononi. Binti yetu alishika kijiti cha fedha chenye mkono mdogo nchani, kwa kuwa ngozi haiguswi kwa kidole, akaanza. Katika aya ya nane alilikosea neno. Mtu wa pembeni alimsahihisha kwa sauti ya chini. Akatulia, akarudisha kijiti kwenye neno hilo, akalisema upya na kuendelea pale pale alipokuwa, bila kurudi mwanzo. Nilimshika mume wangu mkono. Miezi kumi ya kadi na penseli ilikuwa imeonekana katika kitendo kilichochukua sekunde nne.

Mdogo wake atafikisha miaka 13 baada ya miaka miwili na nusu, na tumekwisha kuweka nafasi yake kwa Mwalimu huyo huyo. Safari hii tumekubaliana kwa maandishi: hotuba ianze mwezi wa tano, safari za kwenda mbele ya gombo ziwe tatu, na sharti la kuahirisha liwekwe wazi tangu siku ya kwanza. Mama ameuliza kama kijitabu cha pili kitakuwa na herufi kubwa zaidi, na nimemwahidi kwamba kitakuwa nazo.