Thinking in React: somo la bure la kugawa ukurasa vipande vipande, nyota 4 kwa 5

Nyinyi mnaojifunza kutengeneza tovuti hapa Kampala na bando la kubana-bana, hili somo la React, maktaba ya lugha ya JavaScript ya kujengea kurasa za tovuti, liko bure react.dev, ni ukurasa mmoja wa maandishi, vipicha vichache na visehemu vya kujaribu kodi (maandishi ya programu), si video.

Mfano wao ni jedwali la matunda na mboga, juu kuna sehemu ya kutafuta na kisanduku cha kutiki ili uone zilizopo stoo tu. Kabla hujagusa kodi unachora maboksi juu ya picha ya ukurasa, kila boksi unalipatia jina, na zinatoka komponenti 5, yaani vipande vya ukurasa: ya nje inayobeba zote, ya kutafuta, ya jedwali, kichwa cha kila aina, na mstari wa bidhaa moja. Huo mstari unauandika mara moja tu, spinachi inautumia, boga linautumia, hata bidhaa zifike mia.

Ila utamu wenyewe uko hatua ya 3, ya steti, yaani data ambayo ukurasa unaikumbuka na inabadilika mtu akiutumia. Huku watu wanajaza steti kila kitu, orodha nzima, orodha iliyochujwa, idadi, halafu mbona namba hazilingani! Somo linakubana: hiki kinabadilika kweli? kinaletwa na mzazi (komponenti ya juu yake) kwa propsi, yaani data anayoipitisha chini? kinaweza kukokotolewa kutoka vingine? Mwisho vinabaki viwili tu, maneno ya kutafuta na ile tiki. Orodha iliyochujwa haimo kabisa, banange! Na kwa sababu kutafuta na jedwali zote zinavihitaji, vinapandishwa kwa mzazi wao wa karibu.

Nyota moja nimeinyima kwa sababu data yao ni safi mno. Mwenye duka wa Kikuubo, soko la jumla hapa Kampala, ana bei ya jumla na ya rejareja kwa bidhaa ileile, anataka picha, na neti inakatika katikati, sasa komponenti ya "subiri kidogo" inakaa wapi? Hawasemi. Pia hatua ya 1, ile ya kuchora maboksi, wameipita mbio, komponenti moja kazi moja, sawa, lakini utaachia wapi kugawa? Kuna watu wana komponenti ya batani, na nyingine ya maneno ya batani, jamani.

Na kama lupu za JavaScript (amri za kurudia-rudia) bado zinakutoa jasho anza na hizo kwanza, la sivyo hatua ya 2 tu, ya kujenga ukurasa bila steti, inakuacha njiani.