KTM 300 EXC au Yamaha YZ250X: pikipiki mbili zilizotumika, kwa njia za Ngong na Magadi

Nilitafuta kwa miezi miwili pikipiki ya kwenda porini yenye injini ya mipigo miwili, ile ambayo mafundi wa Nairobi huiita tustroki, na mwishowe zikabaki mbili: KTM 300 EXC ya mwaka 2015 iliyokuwa Karen, na Yamaha YZ250X ya mwaka 2016 iliyokuwa Kitengela. Bei zao hazikupishana sana, na kila muuzaji aliapa kwamba ya kwake haijawahi kuanguka, jambo ambalo kwa pikipiki ya aina hii halisadikiki.

Kwanza nieleze ninakoendesha, kwa sababu hukumu yangu yote inategemea hapo. Njia zangu huanzia Kiserian, hupanda mgongo wa Ngong, kisha huteremka Bonde la Ufa kuelekea Magadi kwa kufuata vijia vya mifugo, makorongo ya mchanga na miteremko ya mawe ya volkano yasiyotulia chini ya tairi. Sehemu kubwa ya safari hufanyika kwa gia ya kwanza na ya pili, tena polepole kiasi kwamba mchungaji anayetembea upande wako anaweza kukusalimia, ukamjibu, akakuuliza unakokwenda. Kasi ya juu kabisa ya pikipiki, ambayo wauzaji hupenda kuitaja, hainisaidii lolote huko.

Kwa mwendo huo wa konokono, KTM ndiyo iliyonivutia. Silinda yake ni ya 293 cc, pistoni ina kipenyo cha milimita 72 na husafiri milimita 72, ilhali Yamaha ni ya 249 cc, yenye pistoni ya milimita 66.4 inayosafiri zile zile milimita 72. Tofauti yote basi iko kwenye upana wa pistoni, na milimita 5.6 huonekana si kitu mpaka uwe katikati ya mlima wa mawe, injini ikizunguka taratibu, nawe huna nafasi ya kushusha gia. KTM hukohoa kidogo na kuendelea kupanda. Yamaha hudai uiguse klachi kwa kidole kimoja ili injini ipate pumzi, na usipowahi huzima. Haikuanza maisha yake kama pikipiki ya porini: imetokana na YZ250 ya mashindano ya motokrosi, ambayo kiwanda kiliipunguzia mgandamizo, kikazipanua gia zake tano, kikaiwekea gurudumu la nyuma la inchi 18 na kijiti cha kuegemea. Kazi hiyo ilifanywa vizuri, lakini asili haijifichi, na ukizungusha mkono wa petroli kwa pupa utakumbushwa.

Injini inapozima ndipo tofauti ya pili inapouma. KTM huwashwa kwa kitufe, na ina kiki ya akiba betri ikichoka. Yamaha ni kiki tupu. Uwanjani mbele ya nyumba ya muuzaji hilo ni jambo dogo, lakini pikipiki zote mbili zina viti vilivyo zaidi ya sentimita 90 kutoka ardhini, na mtu wa kimo changu aliyesimama kwenye mteremko hana mguu wa kupigia kiki na mguu wa kusimamia kwa wakati mmoja.

Kuna pia suala la barabara. EXC hutoka kiwandani ikiwa na taa, na iliyokuwa Karen ilikuwa na namba, kwa hiyo ningeweza kutoka nyumbani nikiiendesha, nikatumia gia yake ya sita kwenye lami hadi Kiserian. YZ250X haina hata taa ya mbele, na huna budi kuibeba kwenye pikapu hadi mahali lami inapoishia. Asiye na pikapu, wala rafiki mwenye pikapu asiyechoka kuombwa, anaweza kuacha kusoma hapa na kununua EXC.

Jambo ambalo wanunuzi wengi wa kwetu hulipuuza ni kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, kwa kuwa pikipiki zote mbili ni za kabureta. KTM ilianza kuuza EXC za kupuliza petroli kwa kompyuta katika matoleo ya mwaka 2018. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, vilele vya Ngong vinakaribia mita 2,460, na Magadi iko kwenye mita 600 hivi. Hewa ya juu ni nyepesi, hivyo injini iliyopangwa Nairobi huwa imewekewa jeti ndogo, yaani kipande cha kabureta chenye tundu jembamba la kupitishia petroli. Ukiteremka nayo hadi Magadi, hewa inakuwa nzito, petroli haitoshi, na kwa sababu oili ya tustroki husafiri ndani ya petroli yenyewe, upungufu wa petroli ni upungufu wa oili pia, tena kwenye joto kali. Miaka kadhaa iliyopita niliteremka huko na pikipiki nyingine, ya 125 cc, bila kubadilisha jeti, na pistoni ikang'ang'ania silinda kabla sijafika mjini. Kosa lilikuwa langu mtupu, na gharama pia. Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa kila muuzaji lilikuwa jeti iliyomo ni ya namba gani. Wa Kitengela alinitolea kikopo cha jeti tano zilizofungwa kila moja kwa karatasi iliyoandikwa. Wa Karen aliniambia hajawahi kufungua kabureta kwa sababu haijawahi kumsumbua.

Kuhusu oili, kitabu cha KTM huruhusu mchanganyiko wa 1 kwa 60 na cha Yamaha hutaka 1 kwa 30, yaani mililita 167 dhidi ya 333 kwa kila lita 10 za petroli. Hilo halikuwa na uzito katika uamuzi wangu.

Ukaguzi ndio uliogeuza mambo. Nilimwomba kila mwenye pikipiki asiiwashe kabla sijafika, kisha nikaweka kiganja kwenye injini, kwa kuwa injini iliyopashwa moto mapema huwa inaficha ugumu wa kuwaka. Zote zilikuwa baridi. Ya Karen iliwaka kwa mguso mmoja, ikatulia vizuri, na ningekuwa na haraka ningelipa pale pale. Badala yake nilitoa chujio la hewa, nikafunga kitambaa cheupe kwenye kidole na kupangusa ndani ya mpira unaopeleka hewa kwenye kabureta. Kitambaa kilitoka na vumbi laini la kahawia, kama unga wa wimbi. Vumbi likifika hapo limekwisha kupita chujio, na halina kwingine kwa kwenda ila kwenye silinda. Kwa ruhusa ya mwenyewe nilifungua bomba la moshi na kumulika kwa tochi kupitia tundu lake: pistoni ilikuwa na mikwaruzo ya wima, mingine mirefu kiasi cha kuhisiwa kwa ukucha. Huo haukuwa ubovu wa KTM, ulikuwa uvivu wa mtu asiyeosha chujio.

Ya Kitengela ilikuwa mbaya kuitazama. Plastiki zilikuwa zimefifia, kinga ya rejeta upande wa kushoto imepinda, na nilipoinua gurudumu la nyuma kwa mkono nilisikia mgongano mdogo kwenye viungo vya shokomzoba, ishara ya beringi zilizokosa grisi. KTM haina viungo hivyo kabisa, kwa kuwa shokomzoba yake imefungwa moja kwa moja kwenye mkono wa gurudumu, na hilo ni jambo jema kwa mtu anayevuka mito. Lakini kitambaa changu kilitoka cheupe, oili ya gia haikuwa na rangi ya maziwa ambayo ingeashiria maji kuingia, na pistoni ilikuwa safi hata alama za kiwanda zikionekana.

Nilinunua Yamaha. Ningekutana na pikipiki hizi mbili zikiwa zimetunzwa sawasawa, ningechukua KTM bila kujiuliza, na bado ndiyo ninayomshauri mtu anayeanza. Ila gharama ya kufufua silinda iliyokwaruzwa, kubadilisha pistoni na pengine krenki, ingeifanya EXC ile kuwa ghali kuliko zote nilizoziona tangu nianze kutafuta, na spea zake zingenibidi kuagiza kutoka nje na kusubiri.

Nimeibadilishia beringi za viungo, pistoni na ringi kwa tahadhari tu, na nimeiongezea uzito kidogo kwenye gurudumu linalozunguka ndani ya injini (flywheel) ili isizime ovyo. Imesaidia sana, ingawa si kabisa. Chini ya Corner Baridi kuna mteremko wa mawe ambapo bado huzima mara moja moja, nami hushuka, huigeuza ubavu ili isiserereke, na kupiga kiki.