Spika za masikioni za bei nafuu zenye besi ya kweli: zipi uchukue, zipi uziache

Upande wa kushoto ukianza kukatika, wote tunapita njia moja. Kwanza unausokota waya pale karibu na pini mpaka sauti irudi. Halafu unagundua kwamba ukiukunja hivi na kuubana kwa kidole gumba, inatulia. Kesho yake ni selotepu. Keshokutwa umechoka, unatafuta nyingine, na kila muuzaji ana wimbo uleule: "Chukua hizi, zina besi."

Kwa maneno ya wauzaji, zote zina besi. Kwangu droo imejaa zilizokuwa na besi kwenye boksi tu. Nilichelewa kuelewa kwamba besi haikai kwenye boksi wala kwenye jina la kampuni. Inatengenezwa ndani ya tundu la sikio lako, na spika nzuri isiyokaa vizuri humo itashindwa na ya kawaida iliyokaa.

Kabla ya hayo yote, hakikisha za zamani zimekufa kweli. Chungulia ule wavu mdogo unaoelekea sikioni: nta ikiuziba, upande huo hufifia polepole hadi udhani kispika, kile kidude cha ndani kinachotoa sauti, kimekwisha. Geuza spika wavu utazame chini, usugue taratibu kwa mswaki mkavu, uchafu udondoke nje usirudi ndani. Kisha angalia tundu la simu. Vumbi la mfukoni hushindiliwa humo kila unapochomeka, mwishowe pini haifiki chini na unabaki na upande mmoja. Zima simu, lichokonoe tundu kwa kijiti cha meno cha mbao, bila papara. Niliwahi kununua spika mpya, nikazichomeka kwa mbwembwe, nazo zikaimba upande mmoja vilevile. Tatizo lilikuwa simu muda wote.

Besi nzuri na besi nyingi

Sikio la binadamu husikia kuanzia mitetemo 20 kwa sekunde, yaani Hz 20, hadi kama 20,000. Besi ni ile sehemu ya chini, takriban Hz 20 hadi 250. Chini kabisa, karibu na 40 au 50, unahisi zaidi kuliko unavyosikia: ni mngurumo. Juu kidogo ndipo ngoma inapopiga kifua. Ukikaribia 250 unaingia kwenye eneo ambalo spika nyingi za bei ya chini hulivimbisha makusudi ili mnunuzi aseme "aah, hizi nzito".

Besi nzuri hupiga na kuondoka. Ngoma inatua "du", kisha kimya, na gitaa la besi unalifuata noti kwa noti likipanda na kushuka. Besi mbovu ni "duuuu" inayojiburuza mpaka wimbo unaofuata, na mwimbaji anasikika kama yuko nyuma ya mlango uliofungwa. Ukitaka kuzijaribu spika, usiweke wimbo wenye mdundo mkubwa kuliko yote ulio nao. Weka ule unaoujua kwa moyo, wenye gitaa la besi na mtu anayeimba kwa wakati mmoja, usikilize kama wote wawili wanasikika bila kukanyagana.

Sasa jambo la raba, yaani kile kikofia laini cha mbele kinachoingia sikioni. Sauti za chini zinahitaji hewa iliyofungiwa kati ya kispika na ngoma ya sikio. Pakiwa na upenyo, hata mwembamba kama unywele, besi ndiyo ya kwanza kuvuja. Sauti kali za juu zinabaki, na muziki unageuka wa bati. Kipimo chake ni cha sekunde mbili: muziki ukiwa unapiga, zisukume spika ndani kidogo kwa vidole. Besi ikiongezeka ghafla, raba zako ni za saizi isiyokufaa. Jaribu kubwa zaidi, kisha ndogo zaidi, na usishangae sikio la kulia likitaka saizi tofauti na la kushoto. Masikio ya mtu mmoja hayafanani. Raba za silikoni zikikataa kabisa, zipo za sponji: unaibonyeza iwe nyembamba, unaiingiza, unasubiri ijae. Hizo huziba vizuri mno, ila hunyonya jasho na huchakaa mapema.

Kwa hiyo kama una spika ulizozichoka kwa kukosa besi lakini bado zinafanya kazi pande zote, nunua raba kwanza. Hiyo ndiyo namba sifuri kwenye orodha yangu, na inawauma wauzaji.

Maandishi ya boksi

"20Hz–20kHz" imeandikwa karibu kila boksi (kHz moja ni Hz 1,000). Maana yake ni kwamba spika inatoa sauti fulani katika upeo huo. Haisemi ni kubwa kiasi gani kwenye kila sehemu, na hilo ndilo ulitaka kujua. Ukubwa wa kispika nao si kitu cha kukukimbiza. Milimita 10 ni ya kawaida, na kispika cha milimita 10 kilichopangwa vizuri kinakishinda cha milimita 14 kilichotupwa tu ndani ya plastiki. Vispika vingi kwa kila upande? Kwa bei za chini ninamwamini aliyeweka kimoja akakifanyia kazi kuliko aliyepanga vitano kwa ajili ya tangazo. Namba moja tu ya kuitupia jicho ni omu, kipimo cha ukinzani wa umeme: kati ya 16 na 32, simu nyingi zitazisukuma bila taabu.

Nilivyozipanga

Nimeweka mbele zile ambazo waya wake unachomoka. Sababu ni ileile ya selotepu: kinachokufa kwanza ni waya, kispika mara nyingi kiko hai. Waya ukichomoka, unanunua waya peke yake na maisha yanaendelea.

Ya kwanza kwangu ni 7Hz x Crinacle Zero:2, ya kampuni ya 7Hz na mchambuzi wa spika aitwaye Crinacle, iliyotoka mwaka 2023. Ina kispika kimoja cha milimita 10. Zero iliyoitangulia ilisifiwa kwa usafi wa sauti, ila mpenda besi alibaki na njaa. Hii ya pili wameiongezea uzito wa chini bila kumfunika mwimbaji, na hilo ni gumu kulipata kwa spika za daraja hili. Besi yake iko chini kabisa, kule kwenye mngurumo, kwa hiyo dakika tano za kwanza unaweza kudhani haina kitu. Subiri wimbo wenye besi halisi uingie. Lawama yangu ni shingo yake nene, ule mrija unaovaa raba: mwenye matundu madogo ya masikio ataisikia baada ya saa moja. Tena angalia vizuri unapoagiza kama ina maiki au haina.

Ya pili, KZ ZSN Pro X, au EDX Pro kama bajeti imebana. Najua wapo watakaonicheka kuiweka juu ya Moondrop, ile ya tatu hapa chini, lakini tunazungumzia besi. Hizi zinapiga. ZSN Pro X inachanganya kispika cha milimita 10 kwa besi na kingine kidogo cha sauti za juu, EDX Pro ina kimoja tu. Mdundo una nguvu na haraka yake, mazoezini hazina mpinzani. Ubaya uko upande wa pili: sauti za juu zimenolewa. Herufi "s" za mwimbaji zinachoma, matoazi yanapiga kelele, na baada ya saa mbili masikio yanaomba poo. Ukiwa na programu yenye ikwalaiza kwenye simu, yaani ya kupandisha na kushusha sehemu moja moja ya sauti, shusha kidogo eneo la kHz 8 uone zinavyotulia. Waya wa akiba wa KZ una kichwa chenye umbo lake, kwa hiyo agiza ulioandikiwa KZ, usichukue wowote wenye pini mbili.

Ya tatu, Moondrop Chu II. Kama ungeniuliza "sauti nzuri" tu bila besi, ingepanda. Sauti za watu na ala za nyuzi zinatoka laini, gamba lake ni la chuma, na kile kikofia cha mbele chenye wavu kinafunguka na kubadilishwa, jambo la neema kwa wenye nta nyingi. Besi ipo ya kutosha, imenyooka, haijivuni. Usiichanganye na Chu ya kwanza ya mwaka 2022. Ile waya wake haukuchomoka.

Hizi tatu huvaliwa kwa waya kupita juu ya sikio na kushukia nyuma. Mtu asiyezizoea huziweka kama za kawaida, waya ukining'inia chini, hazikai, besi inavuja, kisha anaziandikia maoni mabaya. Tazama herufi L na R, zungusha waya nyuma ya sikio, sukuma ndani ukiwa umevuta juu ya sikio kwa mkono mwingine. Zitaingia.

Ya nne ni kwa asiyetaka hayo mambo ya kuzungusha waya: JBL Tune 110. Unachomeka, unasikiliza. Waya ni bapa kwa hiyo haujifungi mafundo mfukoni, maiki ipo, besi imejaa kidogo kupita kiasi lakini ya kufurahisha. Panasonic ErgoFit iko papo hapo nayo, ndogo na nyepesi, nzuri kwa anayelala nazo. Zote waya haung'oki, kwa hiyo siku waya ukifa ndiyo mwisho.

Ya tano, zisizo na waya. Soundcore P20i ndiyo ningeanza nayo: kispika cha milimita 10, kama saa 10 kwa chaji moja, na programu yake ina ikwalaiza ya kuongeza au kupunguza besi upendavyo. Nimeziweka mwisho si kwa sababu ya sauti. Betri zake ndogo huzeeka, hazibadilishiki kwa urahisi, na kipande kimoja kikidondoka mtaroni umepoteza nusu ya mali. Kwa bei sawa, ya waya itakupa sauti bora zaidi karibu kila mara. Lakini kama simu yako haina tundu la pini na unakimbia kila asubuhi, sikulaumu.

Zile za plastiki ngumu zisizo na raba, za mtindo wa EarPods za Apple, ni nzuri kwa simu na kusikia magari barabarani. Hazilizibi sikio, kwa hiyo usizidai besi nzito.

Tundu la simu yako

Tangu iPhone 7 ya mwaka 2016 iondoe tundu la pini, kampuni nyingine nyingi zimefuata. Ukiwa na simu ya USB-C una njia mbili: spika zenye kichwa cha USB-C, au za pini pamoja na adapta. Mimi nachagua adapta, maana spika zinabaki kutumika kwenye kompyuta na redio. Adapta ndogo ya Apple ya USB-C inasifika kwa usafi wa sauti, ila kwenye baadhi ya simu za Android hutoa sauti ya chini kuliko unavyotarajia, jaribu kwanza. Kwa upande wa pini, hesabu mikanda yake, zile pete za plastiki zinazotenganisha chuma: mitatu maana yake ina maiki, miwili haina.

Sauti ya juu si besi

Watafiti Harvey Fletcher na Wilden Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio hupoteza besi kuliko sauti za kati. Ndiyo maana mkono unakwenda wenyewe kwenye kitufe cha kuongeza. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 unaweza kuzisikiliza saa 40 kwa wiki. Ukifika 90, zinabaki saa 4 tu kwa wiki nzima. Raba inayoziba hukupa besi na kuzuia kelele za nje kwa pamoja, unajikuta umeshusha sauti bila kulazimishwa.

Siku ya kwanza

Majina makubwa ndiyo yanayofekiwa sana. Mimi niliuziwa moja, boksi linang'aa kweli, kufungua nikakuta jina limekosewa herufi kwenye waya. Usitupe risiti. Siku hiyohiyo, ungali na nafasi ya kurudisha, cheza waya kwa vidole kuanzia kwenye pini hadi masikioni muziki ukiendelea. Ukisikia mkwaruzo, rudisha. Mpigie mtu akuambie sauti yako inafikaje. Weka wimbo wa mtu mmoja anayeimba: sauti inatakiwa kukaa katikati ya kichwa. Ikivutia upande mmoja, badilishana kulia na kushoto. Ikihamia upande wa pili, kosa ni la spika au la simu. Ikibaki palepale, ni jinsi raba inavyokaa kwenye sikio hilo, au ni sikio lenyewe.

Na zile raba za akiba zilizobaki kwenye kifuko, zitie mahali unapopakumbuka. Moja itabaki ndani ya sikio au kwenye kola siku unavua fulana haraka haraka, na kuitafuta ya saizi ileile, moja peke yake, ni kazi kuliko kutafuta spika nzima.