Panbio kwenye joto la Dar: kipimo cha korona kinachotafuta protini ya N

Ukifungua boksi la Panbio COVID-19 Ag la Abbott, lile la vipimo 25, cha kulinda kwanza ni kichupa cha kimiminika, kabla hata ya kaseti, kile kibao cha plastiki chenye utepe wa kusomea matokeo. Ndicho kinachopasua kirusi. Kipimo hiki kinatafuta protini ya N (nyukliokapsidi) ya kirusi, na N imejificha ndani kabisa, imeshikamana na uzi wa RNA, yaani jeni za kirusi, nyuma ya utando wa mafuta. Utando usipopasuka N haitoki, na mstari wa T, ule wa kuonyesha maambukizi, hauonekani hata mgonjwa akiwa amejaa virusi. Kwa hiyo anayeongezea maji kimiminika kinapopungua ameshaharibu kipimo chote.

Kuchagua N badala ya S, protini ya miiba ya nje ya kirusi, ni uamuzi tunaoupa alama zote. Ndani ya seli iliyoambukizwa, protini hizi hazipiti njia moja. S, yenye asidi amino 1,273, huingia kwenye retikulamu ya endoplazimu (mtandao wa utando ndani ya seli), hukunjwa, huungana tatu-tatu na kuvikwa sukari sehemu 22 za kila mnyororo. Ikifika Golgi, kituo cha seli cha kumalizia na kusafirisha protini, kimeng'enya cha furini huikata. M na E, protini nyingine za utando wa kirusi, hukaa maeneo ya kati ya retikulamu na Golgi, na huko ndiko kirusi kipya kinakochomoza. N haipiti huko. Hutengenezwa na ribosomu zilizo huru kwenye saitoplazimu, tena kwa wingi mno, na hubaki humohumo ikikusanya RNA, bila joho la sukari la kuzikinga sehemu zake zisishikwe na kingamwili za kaseti. Vilevile haibadiliki kwa kasi ya S: aina ya kirusi iitwayo Omikroni ilipojitokeza Novemba 2021, S pekee ilikuwa na mabadiliko zaidi ya 30.

Wapo wanaouliza kama chanjo ya korona inaweza kuleta mstari wa T. Haiwezi. Janssen, iliyoanza kutolewa Tanzania Julai 2021, huufundisha mwili kuitambua S tu, tena S iliyorekebishwa ili furini isiikate. N haimo.

Kwenye matumizi, vifaa vikitoka kwenye friji viache dakika 30 vipate joto la chumba. Jaza kimiminika hadi alama ya kijaribio (kineli kidogo cha plastiki), mikrolita 300. Ukizidisha, N inazimuliwa na mstari unafifia. Tena kichupa kina mililita 9 tu, hivyo mkono mzito utakiacha kikavu kabla kaseti hazijaisha. Zungusha kijiti cha pamba kilichochukua ute wa mgonjwa ndani ya kimiminika angalau mara tano, kisha ukikamue kwa kubana kuta za kijaribio. Hapa wengi hukosea: pamba isiyokamuliwa hutupwa na ute wote. Dondosha matone matano kwenye kaseti, kijaribio kikiwa wima, maana povu huhesabika kama tone na si tone. Soma dakika ya 15. Ikipita 20 usisome tena, kwa kuwa utepe unaokauka unaweza kuchora kivuli cha T.

Mstari wa C, ule wa udhibiti, unathibitisha kwamba kimiminika kimesafiri kwenye utepe, basi. Hausemi kama kijiti kiligusa ute wa kutosha. C bila T kwa mtu mwenye homa na kikohozi inataka PCR, kipimo cha maabara kinachotafuta RNA ya kirusi.

Udhaifu wake Dar ni joto. Boksi linataka nyuzi 2 hadi 30, na kuanzia Januari hadi Machi chumba kisicho na kiyoyozi huvuka 30 mchana, sembuse gari lililoegeshwa juani Kariakoo. Kingamwili za kaseti nazo ni protini. Zikipata moto hukunjuka, na haziishiki N tena. Kwa macho kaseti ni nzima. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akuonyeshe boksi lilipokaa na kipimajoto cha hapo, na hakikisha mifuko ya foili haina tundu, maana unyevunyevu wa pwani huiharibu kaseti kimyakimya. Mfuko ufunguliwe mgonjwa akiwa ameshakaa kitini.