Nyaraka za bure za historia ya Marekani kwa watoto: uzoefu wangu

Jumamosi nafundisha historia ya Marekani sebuleni kwangu, hapa Columbus, Ohio. Wanafunzi ni wanangu na watoto wa majirani, wengi wao wazazi wametoka Kongo na Tanzania. Mwanzoni nililipia kifurushi cha kampuni fulani kilichokuja na gundi, kofia za karatasi na picha za kupaka rangi. Meza ilichafuka, watoto wakafurahi, na wiki iliyofuata ukiwauliza Mapinduzi ya Marekani yalihusu nini, wanakujibu "kofia".

Sasa natumia tovuti mbili tu, zote bure: DocsTeach ya Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani, na kurasa za walimu za Maktaba ya Bunge la Marekani. Humo mna nyaraka zenyewe zilizopigwa picha: barua, ramani, ripoti za polisi. Unachagua, unaprinti, unaanza.

Somo lililonoga kuliko yote ni la Rosa Parks, mwanamke mweusi aliyekamatwa kwa kukataa kumpisha mzungu kiti kwenye basi. Watoto walishaijua hadithi ya shuleni, ya mama aliyechoka akakataa kusimama. Niliwawekea karatasi mbili mezani: ripoti ya polisi ya Montgomery, Alabama, ya tarehe 1 Desemba 1955, na mchoro wa viti vya basi uliotumika mahakamani katika kesi ya Browder dhidi ya Gayle, iliyokomesha ubaguzi kwenye mabasi ya mji huo. Ripoti inasema dereva alilalamika kuwa kuna mwanamke mweusi amekaa sehemu ya wazungu na hataki kuhama. Basi, kazi ya mikono ikawa kulijenga basi lile kwa viti vya jikoni, ndoo na mito, kwa kufuata mchoro. Viti 10 vya mbele vilitengwa kwa wazungu. Parks alikuwa nyuma yake.

"Kwa hiyo polisi wameandika uongo?" akauliza mmoja. Hapo ndipo nilipowaambia kwamba dereva alikuwa na uwezo wa kuusogeza nyuma mpaka wa sehemu ya wazungu, wazungu wakijaa. Waligombana karibu saa nzima, wanahama viti, wanarudi kwenye karatasi, wanahama tena. Mimi nilikaa kimya na chai yangu.

Tangu siku hiyo nina kipimo kimoja: kama mtoto anaweza kuimaliza kazi ya ubunifu bila kuifungua tena nyaraka, kazi hiyo naiacha, hata iwe nzuri kiasi gani ukutani.

Maktaba ya Bunge inatunza pia karatasi za Parks mwenyewe, maandishi yapatayo 7,500 na picha 2,500. Kati ya hizo kuna bahasha ambayo nyuma yake ameandika namna ya kupika pankeki, ndani yake siagi ya karanga. Tulizipika. Nilitaka kutia iliki kidogo, watoto wakanikatalia katakata: "Hakuandika hivyo!" Nikairudisha iliki kabatini.

Mjue kabla hamjaanza: maelezo ni ya Kiingereza, kwa hiyo mzazi asiyekimudu vizuri atahitaji mtoto mkubwa wa kumsaidia. Barua za karne ya 19 zina mwandiko wa kuunganisha ambao watoto wa leo hawausomi kabisa; chagueni zile ambazo maneno yake yamekwisha kupigwa chapa pembeni. Na zipo nyaraka zinazowaita watu weusi kwa majina ya matusi. Mimi huzisoma zote usiku wa Ijumaa, niamue ipi inakaa mezani na ipi inasubiri wakue.

Fomu ya uchambuzi ya Maktaba ina safu tatu: angalia, tafakari, uliza. Msiiruke ya kwanza. Watoto hupenda kukimbilia maoni kabla hawajaona kitu.

Tovuti hizi nazipa nyota nne na nusu. Kwa anayeanza, aanze na picha za Lewis Hine, aliyezunguka viwandani na migodini kuanzia 1908 akipiga picha watoto wanaofanya kazi, kwa niaba ya Kamati ya Taifa ya Ajira ya Watoto, iliyopinga watoto kufanyishwa kazi. Maktaba ina zaidi ya 5,000. Nyingi zina maelezo aliyoandika Hine mwenyewe, jina la mtoto na umri wake pale alipoupata. Yafunikeni kwanza kwa karatasi, watoto waandike ya kwao, kisha fungueni mlinganishe.