Mawinda ya kanga kuukuu: tathmini baada ya miezi minane

Kwa miezi minane sasa, hapa Dar es Salaam, mwanangu wa pili amekuwa akivaa aina mbili za nepi za kufua: zile nilizonunua dukani zikiwa tayari, na zile alizonishonea fundi cherehani wa mtaani kwetu kutokana na kanga zilizochakaa, yaani mawinda. Kaka yake alikuwa akimaliza pampasi tano kwa siku, na kwa bei ya rejareja ya shilingi 500 kwa moja, tulikuwa tukitumia shilingi 75,000 kila mwezi kununua kitu cha kutupa. Hata hivyo, kilichonibadilisha zaidi si fedha. Asubuhi moja baada ya mvua niliikuta pampasi iliyochanwa na mbwa kwenye mtaro ulio mbele ya geti letu, imevimba, imemwaga utelezi unaong'aa kama mayai ya chura. Utelezi ule ni chembechembe za polima zilizokwisha kufyonza maji, na gamba lililozifunika ni plastiki. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, nasi tumezoea kwenda sokoni na vikapu, lakini plastiki hii ya watoto wetu inaendelea kurundikana dampo la Pugu Kinyamwezi, kama haikuishia mtaroni.

Nilianza na nepi za vifungo kutoka duka moja la Kariakoo, shilingi 15,000 kila moja. Nilinunua sita, kisha nikarudi kuchukua nne nyingine kwa sababu zilikuwa na picha za twiga, ingawa zile sita zilinitosha. Jambo hilo limenifikirisha sana, kwa maana nilikuwa nimeacha kununua pampasi huku tamaa ya kununua nikiwa nimebaki nayo vilevile. Nepi zenyewe ni rahisi kuvalisha, hata kwa mtu ambaye hajawahi kushika mtoto mchanga, na ndani ya daladala hazikuwahi kuniangusha. Ila pedi zake za ndani ni nzito na huchelewa kukauka, na kufikia mwezi wa tano lastiki za mapajani zilikuwa zimelegea, mkojo ukawa unapita pembeni.

Mama mkwe alipoona kamba imejaa twiga hakunilaumu. Alifungua sanduku lake, akatoa doti tatu za kanga zilizofifia rangi, akaniambia, "Mwanangu, kanga ikishalainika ndiyo inayomfaa mtoto." Fundi alikata kila kanga vipande sita, akaunganisha viwili viwili na kuweka ukanda wa taulo kuukuu katikati, tukapata nepi 18 kwa shilingi 9,000 za ufundi. Moja imebaki na neno SUBIRA ukingoni, maneno mengine ya kanga hiyo yakiwa yamegawanyika kwenye nepi nyingine. Hukunjwa pembetatu, hufungwa kwa pini, na juu yake huvalishwa chupi ya plastiki. Ni muhimu kanga iwe ya pamba tupu, kwa sababu zile za poliesta hazinyonyi maji. Zikianikwa saa tatu asubuhi, jua likiwa kali, adhuhuri naanua, na jua hilohilo huondoa madoa ambayo sabuni ya mche imeshindwa kuyatoa.

Zina upungufu ambao mzazi anapaswa kuujua mapema. Usiku nepi moja haivuki muda wa saa tatu, hivyo naweka mbili na bado naamka saa nane kumbadilisha. Wakati wa masika zilichukua siku mbili kukauka, na 18 hazikutosha. Kila ufuaji unakula ndoo mbili za maji, na kwa familia inayonunua maji kwa ndoo, hiyo ni gharama ambayo siwezi kuipuuza wala kumlaumu mtu anayeikwepa. Utafiti wa Wakala wa Mazingira wa Uingereza wa mwaka 2008 ulionyesha kuwa faida ya nepi za kitambaa hutegemea sana namna zinavyofuliwa: mashine ya kukaushia huongeza madhara, ilhali kuanika nje na kuzitumia tena kwa mtoto anayefuata huyapunguza. Sisi tunafua kwa mkono, kwa maji baridi, na jua tunalo.

Kwa matumizi ya nyumbani mchana, ninapendekeza mawinda ya kanga bila kusita. Kwa safari ndefu ya basi bado ninamvalisha pampasi, na zilizotumika ninazifunga na kurudi nazo hadi kwenye pipa. Zile nepi kumi za dukani nimempa jirani aliyejifungua mwezi uliopita, baada ya fundi kuzibadilisha lastiki.