Ramani ya giza na pwani ya Pangani: uzoefu wangu

Kwa zaidi ya mwaka mmoja nimetumia programu ya simu inayoonyesha maeneo yenye giza la kutosha kutazama nyota, kwanza toleo la bure, kisha lile la kulipia, ambalo huongeza kalenda ya vimondo. Naishi Chumbageni, mjini Tanga, ambako taa za barabarani na za bandarini hubakiza nyota chache tu angani, kwa hiyo nilihitaji kitu cha kunielekeza pa kwenda.

Ramani yenyewe ni nzuri. Imetokana na vipimo vya setilaiti, na rangi zake zinaeleweka upesi: mji wa Tanga umeiva wekundu, Muheza ni doa dogo, na ukivuka mto Pangani kuelekea Ushongo rangi zinakwisha. Tahadhari moja tu: setilaiti hiyo haioni vizuri mwanga wa buluu, ambao umo kwa wingi katika taa nyeupe za LED, hivyo mtaa uliobadilishiwa taa unaweza kuonekana kana kwamba umepunguza mwanga, ilhali anga lake limezidi kuharibika. Skrini nyekundu ya usiku nayo inafaa sana, maana macho huhitaji kama nusu saa kuzoea giza, na mwanga mweupe wa simu huyarudisha mwanzo.

Kalenda ndiyo iliyonikwaza. Agosti 2023 ilinitangazia vimondo vya Perseidi, 100 kwa saa. Nikaenda Tongoni na rafiki yangu, tukakesha karibu na magofu, tukahesabu tisa hadi kulipokucha. Namba ile hukokotolewa kana kwamba mahali vimondo vinapoonekana kutokea pako utosini mwa mtazamaji. Kwetu sisi, nyuzi tano kusini mwa ikweta, kundi la nyota la Perseus, ambako Perseidi huonekana kutokea, huchomoza usiku wa manane, na jua hulikuta bado liko chini upande wa kaskazini. Programu inajua nilipo, na hesabu hiyo ingeweza kuifanya yenyewe.

Desemba mambo yalikuwa mengine. Vimondo vya Jeminidi, ambavyo ni vumbi la asteroidi iitwayo Phaethon, huonekana kutokea kundi la Mapacha, na kundi hilo huku kwetu huchomoza kabla ya saa tatu usiku, likafika juu kabisa kama saa nane na nusu. Usiku wa tarehe 13 mwezi ulikuwa bado haujaandama. Tulivuka kwa kivuko hadi Bweni, tukachukua bodaboda hadi Ushongo, tukatandika mkeka mchangani. Upande wa kusini nililiona Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani na yetu, kama kipande cha wingu jembamba kisichosogezwa na upepo, kitu ambacho mjini sijakiona hata siku moja. Hapo ramani ilikuwa imesema kweli.

Lakini baharini palikuwa na mstari wa taa, nyingine kali kiasi cha kutupa vivuli vya minazi nyuma yetu. Walikuwa wavuvi wa dagaa. Wao hutoka siku za giza, kwa sababu mbalamwezi hupunguza nguvu ya taa zao kuvuta samaki. Yaani wanautaka usiku uleule ninaoutaka mimi, na kwa kuwa mashua huhama kila siku, ramani ya wastani wa mwaka haiwezi kuzionyesha. Mzee mmoja aliyekuwa akilinda ngalawa aliitikia shikamoo yetu, akautazama mkeka, akasema: "Wanangu, leo bamvua. Hapo alfajiri pana maji."

Alituhamishia nyuma ya kichaka, juu ya tuta la mchanga, na kichaka hicho kikatukinga na zile taa. Kuanzia saa saba hadi saa nane, ingawa mawingu ya vuli yalipita mara mbili, nilihesabu vimondo 58, kimoja cha manjano kilichokwenda polepole hadi karibu na Kilimia. Saa kumi mahali petu pa kwanza palikuwa chini ya maji.

Toleo la bure linatosha. La kulipia sikulihuisha. Kabla ya kutoka nyumbani huangalia jedwali la maji kujaa na kupwa, kisha humpigia simu yule mzee kumuuliza mashua zimeelekea wapi.